Chumba cha Binti Aliyekwenda Kanada

Chumba nilichopewa Karen, mtaa wa Nairobi, kilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe hakuwepo. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, jozi kwa jozi, na kwenye kioo alikuwa amebandika picha akiwa na sare ya sekondari, ulimi nje. Mwenyeji wangu alinifungulia mlango mmoja wa kabati, huku ameuzuia ule mwingine kwa goti usifunguke.

"Hii upande ni yako," alisema. "Hiyo ingine tuiache tu. Akikuja atataka kupata vitu zake."

Binti yake alikuwa ameondoka kwenda Kanada kusoma, mwaka mmoja kabla sijafika. Mimi nilitoka Iringa kuja Nairobi kusoma takwimu. Baba yangu, afisa ardhi, aliwahi kusoma kozi Arusha pamoja na huyu mama enzi za ujana wao, wote wakiwa watumishi wapya wa serikali, kila mmoja wa nchi yake. Baada ya hapo walibaki kupigiana simu kila Krismasi. Nilipopata nafasi katika chuo kimoja katikati ya jiji, Baba hakuulizia hata bweni. Alipiga simu moja tu, akarudi sebuleni uso umemchangamka. "Basi," akasema, "Nairobi una mama."

Na kweli nilikuwa na mama. Hili nalisema mapema ili nisije nikaonekana sina shukrani. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, afisa wizarani. Mumewe alikwishastaafu na siku za wiki alishinda Machakos shambani na mbuzi wake, kwa hiyo nyumba ile kubwa ilibaki ya kwetu wawili, na mlinzi getini, na mbwa. Wiki ya kwanza alininunulia sweta mbili kwa sababu Karen mwezi wa saba ni baridi. Alinifundisha kupika muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa, na nilipounguza chini ya sufuria aliufuta moshi machoni akacheka. Alitaka nimwite "Mum", kama binti yake alivyomwita. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mama, naye akalizoea.

Alichokipenda kuliko vyote ni shikamoo yangu. Watoto wa Nairobi hawaamkii hivyo. Wageni wakija, wanawake wa kanisani au majirani wa ile barabara, ningeitwa kutoka chumbani. "Huyu ndio msichana wetu wa Tanzania. Hebu wasalimie." Nami nilipiga goti kidogo, shikamoo huyu, shikamoo yule, nao wakashika vifua. "Angalia adabu! Wetu wamepotelea wapi?" Kisha nilirudi chumbani. Baada ya muda nilijikuta nikisikia gari la wageni getini ninanyoosha sketi hata kabla sijaitwa.

Siku zangu zilikuwa hivi. Tuliondoka nyumbani kabla ya alfajiri kuikwepa foleni ya barabara ya Ngong, mimi kwenye kiti cha mbele na chai kwenye chupa. Alinishusha chuoni kukiwa bado na giza, nikasubiri mlinzi afungue madarasa. Vipindi vilikwisha mchana au alasiri, lakini Mama alitoka kazini jioni. Sikuwa na ruhusa ya kuzurura mjini. Hakuna siku aliyoniambia "nakukataza". Aliniambia tu, "Ukimaliza unakuja kwangu," na nikienda, nilikaa kwenye benchi la mapokezi ya wizara yao, chini ya feni isiyozunguka, mpaka atoke. Dada wa mapokezi alinizoea hadi akawa ananiachia funguo za choo cha wafanyakazi. Tukifika nyumbani, saa kumi na mbili mlinzi alifungulia mbwa. Walikuwa wawili, wakubwa, na hawakunizoea mpaka naondoka. Wakishafunguliwa, hata nguo zangu kwenye kamba zililala nje.

Chuoni nilikuwa na bahati mbaya ya kupendwa. Wanafunzi wenzangu walifurahia kila nilichosema. Siku ya kwanza kwenye kibanda cha chai nyuma ya chuo nilimwambia muuzaji, "Samahani, naomba chai na andazi moja." Kibanda kizima kiligeuka.

"Eti naomba!" mmoja akasema. "Hebu rudia."

Nilirudia. Wakapiga meza. Tangu siku ile wakawa wananiita mtangazaji, kwa kuwa, walisema, nasikika kama taarifa ya habari ya saa mbili. Haikuwa dharau, najua. Waliwaita wenzao waje wanisikilize. Lakini mtu anayesikilizwa namna ile haulizwi chochote. Nikisema naumwa kichwa, walicheka lilivyotoka neno "kichwa". Na wao walipoongea wenyewe kwa wenyewe, Kiswahili na Kiingereza na Sheng vikiwa vimechanganywa sufuria moja, nilibaki nikitazama midomo. Nilikuwa nimeondoka nyumbani nikijua kwamba lugha haitanisumbua.

Urafiki wao ulianza vipindi vilipokwisha, saa ambazo mimi nilikuwa benchini wizarani. Huko ndiko walikopanga kazi za kikundi, wakaazimana nguo, wakagombana na kupatana. Asubuhi nilikuta mambo yameshatokea. Mtu ameachana na mtu, mtu amepewa jina jipya, na mimi nacheka sekunde mbili baada ya wengine.

Mmoja tu aliniuliza. Alikuwa msichana wa mtaa wa Satellite, ng'ambo ile ya Riruta, aliyekaa nyuma yangu kwenye vipindi vya hesabu na aliyekuwa na tabia ya kula pipi za tangawizi. Siku moja aliniona ninafunga begi haraka.

"Kwani wewe hukimbilia wapi kila siku?"

"Nasubiriwa."

"Na mwanaume?"

"Na Mama. Mama mwenyeji."

Hakucheka. "Jumamosi tuna kazi ya group pale town. Kuja."

Nilimwomba Mama. Alikubali papo hapo, hadi nikashangaa. "Muhimu sana kujichanganya na wenzako," alisema. "Nitakupeleka." Nilidhani maana yake ni kunishusha. Jumamosi tuliingia wote wawili kwenye mkahawa wa barabara ya Moi, yeye na mkoba wake, akasalimiana na wenzangu mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, akauliza kila mtu ni wa wapi na wazazi wake wanafanya kazi gani. Kisha akakaa meza ya pili na soda, akafungua gazeti. Mvulana aliyekuwa anasimulia jambo akaliachia katikati. Wote walianza kuongea Kiingereza safi cha darasani na kumwita "auntie". Kazi ile ya saa tatu tuliimaliza kwa saa moja. Tulipotoka, msichana wa Satellite alinibana mkono.

"Watoto wazuri," Mama alisema ndani ya gari. "Wako na nidhamu."

Kila jioni, baada ya chakula, Mama alimpigia binti yake simu ya video. Huko kwake ilikuwa mchana. Simu iliegemezwa kwenye bakuli la matunda, na nilitakiwa kukaa kwenye kochi karibu na Mama ili nionekane. Binti alikuwa na tabasamu pana na nywele za kusuka, na nyuma yake ukuta mweupe, ule ule siku zote. Alisimulia kwa furaha. Jana wamekwenda na marafiki kuteleza kwenye barafu. Wikendi wanapika kwa mwenzao Mhindi. Kuna rafiki mmoja Mbrazili anamfundisha kucheza. Mama alisikiliza huku amekumbatia mto. Simu ikikatika alinigeukia.

"Umesikia mwenzako? Ameenda mbali kuliko wewe, kwa watu weupe, na ako na marafiki kila pembe. Wewe uko hapa Nairobi, kwa watu weusi kama wewe, mwezi wa ngapi huu? Hata mmoja sijaona akikuja kukuona. Unajifungia sana. Baba yako ataniuliza."

Nilisema, "Nitajitahidi, Mama." Nilikwenda chumbani nikakaa kwenye kitanda cha yule mwenye marafiki, nikatazama ulimi wake kwenye kioo, na nikamchukia.

Halafu jioni moja mbwa walibweka sana getini, na Mama akatoka kwenda kuangalia. Simu ikabaki kwenye bakuli la matunda. Niliona tabasamu la binti likishuka, polepole, kama mtu anavua kofia nzito. Aliutazama mlango kupitia kamera akahakikisha mama yake hayupo.

"Sasa wewe wa kitanda yangu," alisema. "Amekufungia, sindio?"

Nilikuwa naogopa kuwa ni mtego.

"Usiniogope. Mimi nimeishi huko. Nilikuwa form four, nasindikizwa kununua pedi." Kisha akasema haraka, kwa kuwa viatu vya Mama vilisikika kwenye kokoto, "Nitakutumia ujumbe."

Ujumbe ulikuja asubuhi nikiwa kwenye foleni karibu na mama yake. Nilisoma simu nikiwa nimeilaza kwenye paja. Ndivyo tulivyoanza. Mwanzoni aliniuliza mambo madogo: kama geti bado linakwama, kama baba yake bado analeta mbuzi aliyechinjwa Ijumaa, kama kuna mtu amevaa koti lake la jinzi. Nami nilimuuliza kuhusu Mbrazili anayefundisha kucheza.

Alikaa siku nzima bila kujibu. Kisha akanitumia sauti. Aliongea chini, kama mtu aliye kanisani.

"Hakuna Mbrazili. Alikuwa kwa darasa, tuliongea mara moja, akahama. Hata Mhindi sijawahi kupika naye. Hapa watu wanakusalimia vizuri mpaka unadhani mtaongea, halafu wanapita. Naishi na wasichana watatu. Tukikutana jikoni wanasema pole, wanachukua sahani, wanaingia ndani. Lanchi nakulia kwa ngazi ya parking, juu kabisa, watu wasione niko peke yangu. Nikimwambia Mum atalia, halafu atasema nirudi. Na sitaki kurudi. Wewe unajua kurudi hapo ni kurudi wapi."

Nilisikiliza sauti ile kwenye benchi la wizara, nimeibana simu sikioni, na dada wa mapokezi akaniuliza kama kuna msiba. Nilisema hapana.

Nilimwandikia kwamba hata mimi nilimdanganya Baba. Kila Jumapili alinipigia, kila Jumapili nilimwambia nina marafiki wengi, kwamba Wakenya ni wachangamfu mno. Akanijibu: "Huku hakuna mtu amenifungia. Mlango uko wazi siku mzima. Sina tu mahali pa kuenda." Nikamwambia mimi mahali ninapo, Satellite kwa yule mwenzangu anayenialika, mlango ndio sina.

Miezi ile nilibanwa kuliko wakati wowote. Mchana nilikuwa na rafiki anayenijua vizuri, aliye mbali kiasi kwamba kwake kulikuwa kunakucha nikiwa namaliza chakula cha mchana. Jioni nilikaa kwenye kochi nikimtazama mtu yule yule akisimulia uongo kwa tabasamu, huku mama yake akinipiga kiwiko: sikia, sikia mwenzako. Nikicheka, nilikuwa namsaidia kudanganya. Nikikaa kimya, Mama aliuliza kwa nini nina wivu. Mara mbili nilisingizia tumbo nisikae pale. Mama aliniletea uji kitandani na kunishika paji la uso, na huo ndio ulikuwa ugumu wake. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Alhamisi moja mwalimu wa mchana hakufika. Asubuhi Mama alikuwa ameniambia ana mkutano utakaochukua hadi jioni sana. Msichana wa Satellite alisimama mlangoni mwa darasa, begi begani.

"Leo huna sababu," alisema. "Cucu amekuja kutoka Limuru, mathe anapika. Twende. Utarudi kabla mkutano iishe."

Nilisimama pale nikihesabu kichwani kila kitu kinachoweza kuharibika. Kisha nilimwandikia Mama ukweli wote: nimekwenda Satellite nyumbani kwa mwenzangu, mama na bibi yake wapo, jengo liko mahali fulani, saa kumi na moja nitakuwa mjini. Nikatuma. Tulikuwa tumeshuka tayari Satellite jibu lilipofika. "Usitoke hapo. Nakuja."

"Amesemaje?" mwenzangu aliuliza.

"Anakuja."

"Na jam hii? Uko na saa moja na nusu. Ingia."

Familia yake ilikuwa hapo tangu kabla ya magorofa. Walimiliki ploti yenye vyumba vya kupangisha vilivyopangana kuzunguka uwanja wa saruji, na mwisho wa uwanja, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo za wapangaji, walikuwa na ng'ombe. Ng'ombe mmoja mweupe na mweusi, katikati ya jiji, anatafuna. Nilicheka kwa sauti. Mama wa mwenzangu, mwanamke mnene mwenye leso kichwani, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Shikamoo," nilisema, goti likishuka lenyewe.

"Marahaba, marahaba. Simama, utachafua hiyo sketi. Unajua kuambua minji?"

Minji ni njegere. Nilisema najua. Nikapewa ungo na kigoda kando ya cucu, ndivyo wanavyomwita bibi, kikongwe mwenye masikio marefu aliyejua Kikikuyu tu. Alinitazama vidole, akachukua ganda moja, akanionyesha namna ya kulipasua kwa kidole gumba kwa mkupuo mmoja, si kwa kubandua kama nilivyokuwa nafanya. Nikafanya. Akaguna. Basi tukaendelea. Jikoni walipiga kelele, mpangaji mmoja alikuja kulalamikia maji, mwenzangu alipita na sufuria akanikanyaga mguu akasema pole bila kusimama. Hakuna aliyeniambia nirudie neno. Njegere zikagonga ungo. Cucu alisema kitu kirefu, nikaitikia "ee", akasema kingine. Sijui hadi leo aliniambia nini. Nakumbuka tu kwamba mabega yangu yalikuwa yameshuka, na sikujua kama yalikuwa juu muda wote ule.

Gari la Mama lilipopiga honi nje, tulikuwa ndiyo kwanza tunapakua. Mama wa mwenzangu alitoka kumkaribisha. Niliwasikia getini.

"Ingia hata chai, mama. Chakula iko tayari."

"Asante sana. Tumechelewa. Siku ingine."

"Msichana yako ni mtu wa kazi."

"Si wangu," Mama alisema. "Ni wa wenyewe. Ndio maana namfuata."

Mama aliipita Dagoretti Corner, mikono yote miwili kwenye usukani. Magari yalisimama mkia kwa mkia kuelekea Karen. Alikuwa ameondoka kwenye mkutano, nilijua kwa sababu kitambulisho cha mkutano kilikuwa bado kinaning'inia shingoni.

"Kitu ingekufanyikia pale, ningemwambia baba yako nini?"

"Nilikwambia nilipo, Mama."

"Kuniambia si kuniuliza."

"Nimeuliza tangu mwaka jana. Kila nikiuliza unakuja na mimi."

Alipiga usukani, si kwa nguvu. "Mimi nimekuzuia kuwa na marafiki? Mimi? Kila siku nakuambia jichanganye! Ngoja. Ngoja tumuulize mwenzako kama nilimlea vibaya." Na kabla sijajua anachofanya, alishabonyeza simu, na mlio wa kuita ukajaa ndani ya gari kupitia spika.

Binti alipokea. "Mum? Mbona saa hii?"

"Ongea na huyu dada yako. Mwambie. Wewe uko huko peke yako, hakuna mzazi, na una marafiki wa heshima, hakuna siku nimesikia umepotelea kwa nyumba za watu. Mwambie vile unafanya."

Nilitazama nje. Upande wangu wa barabara kulikuwa na wauza miche, safu kwa safu za maua kwenye mifuko myeusi, na kijana mmoja akiyamwagilia maji kwa kopo lenye matundu. Nilitamani kumwambia binti, kwa namna yoyote, kwamba sijasema kitu. Nilitamani pia akate simu.

"Mum," alisema, "mwache."

"Nimwache nini?"

"Mwache akuwe na watu wake. Mimi sina."

"Huna nini?"

"Sina mtu. Hao marafiki nakuambianga, hawako. Hakuna hata mmoja. Nilitunga. Sikujua vile mtu hutafuta rafiki, Mum. Ulikuwa unanitafutia wewe. Nilifika huku nikiwa na miaka kumi na tisa na sijui kuanza. Sasa hata huyu unamfanya hivyo hivyo."

Gari la nyuma likatupigia honi. Mbele yetu foleni ilikuwa imesogea. Mama aliendesha taratibu mpaka kwenye nafasi ya wauza miche, akaingia pale, akazima injini. Kijana wa kopo alikuja mbio akidhani tumekuja kununua. Mama alimwonyesha kiganja, naye akarudi nyuma.

"Unakula?" Mama aliiuliza simu.

"Nakula, Mum."

"Na nani?"

Mama alivua kile kitambulisho shingoni, akaikunjakunja kamba yake vidoleni. Machozi yalishuka bila sauti. Nilitoa leso yangu nikampa, akaipokea bila kunitazama. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Toka kidogo, mtoto wangu. Niongee na yeye." Nikatoka. Nilisimama katikati ya miche mpaka miguu ikapata baridi, na ndani ya gari nilimwona akiongea na kunyamaza, kuongea na kunyamaza, uso ukiwa karibu na dashibodi kana kwamba binti yuko mle ndani.

Hatukulizungumzia tena jambo hilo, yeye na mimi. Mambo hayakubadilika siku ya pili yake. Aliendelea kunipeleka asubuhi na nikaendelea kukaa benchini, ila simu za jioni zilihamia chumbani kwake na mlango ukafungwa, nami nikabaki sebuleni na televisheni. Nilidhani nitajisikia huru. Nilijisikia kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Binti aliniandikia kwamba sasa mama yake anampigia mara tatu kwa siku kumuuliza kama ameongea na mtu, na kwamba afadhali ule uongo. Baadaye tena akaandika kwamba Mama amelia, ameomba msamaha, na ameahidi kutopiga kabla ya Jumapili. Alipiga Ijumaa.

Muhula ulipokaribia kwisha nilimwambia Mama kwamba ploti ya kina mwenzangu ina chumba kimeachwa wazi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Aliendelea kuchambua mchele. "Maji iko?" aliuliza. Nikasema siku tatu kwa wiki. "Basi utahitaji tangi ndogo." Alimpigia Baba yeye mwenyewe, nikamsikia kutoka korido akimwambia kwamba amekaa na mimi vizuri, lakini mtoto ni lazima aishi karibu na wenzake, kana kwamba ni wazo lake tangu zamani. Siku ya kuhama alifunga godoro juu ya gari kwa kamba, mafundo aliyafunga mwenyewe. Safari hii aliingia kwa kina mwenzangu, akanywa chai, akamkagua ng'ombe.

Satellite haikuniponya mara moja. Wapangaji walinibatiza jina la nchi yangu, na hadi naandika haya bado kuna dada wa ghorofa ya jirani anayenisimamisha nimtamkie maneno. Lakini kilichonishangaza kilikuwa ndani yangu. Vipindi vikiisha, wenzangu wakisimama kwenye ngazi kupiga soga, ikifika ile saa ya kwenda wizarani mkono wangu uliokota begi wenyewe. Niliaga, nikashuka, nikafika barabarani, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri. Mara nyingine niliona haya kurudi. Nilikwenda zangu nyumbani mapema, nikajifungia chumbani. Ilichukua muda mrefu kujifunza kusimama tu pale, bila sababu, huku jioni inaingia.

Desemba binti alikuja likizo. Mama alinialika Karen, na nilienda nikiwa nimemnunulia pipi za tangawizi, kwa kuwa sikujua unamletea nini mtu unayemjua sana na hujawahi kumwona. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Tulikumbatiana mlangoni, kisha tukaketi kwenye kitanda chake. Mwaka mzima tulikuwa tumeambiana kila kitu kwa simu. Sasa aliuliza safari ilikuwaje, nikajibu ilikuwa nzuri. Alifungua na kufunga kabati. Nilimuuliza kuhusu baridi.

"Wacha tutoke," alisema mwishowe. "Humu ndani siwezi."

Mama alikuwa jikoni. Alitusikia tukiaga, akatoka na kisu mkononi. Niliona mdomo wake ukifunguka, na nikajua neno lililokuwa linakuja. Akaufunga. "Mtarudi kula?" akauliza.

"Tutarudi, Mum."

Tulikwenda mjini. Binti hakuwa amewahi kutembea katikati ya jiji peke yake, alilijua kwa dirisha la gari. Alinishika mkono tulipovuka barabara. Nikamwonyesha kibanda nyuma ya chuo, na muuzaji alipotuona alipaza sauti, "Mtangazaji! Leo unaomba nini?" Nilimwambia, "Nipe chai mbili na mandazi." Muuzaji alisikitika kweli, akasema nimeharibika. Binti alicheka hadi akashika meza.

Tulikaa pale kwenye benchi la mbao, magoti yakigusana. Akaanza kunisimulia habari za mwanamke mmoja mzee anayefua nguo kwenye jengo lao, ambaye siku moja alimwomba amsaidie kukunja shuka, na sasa kila Jumanne wanakunja pamoja. Si rafiki hasa, alisema. Hata hawaongei sana. Aliniuliza kama hiyo inahesabika. Nilimwambia sijui, lakini anywe chai, inapoa.